Kasi ya intaneti ni pembejeo: nunua inayolipa

KABLA ya mkongo wa baharini wa SEACOM kufika Dar es Salaam Julai 2009, intaneti ya nchi yetu ilitegemea zaidi satelaiti na bei yake ilikuwa juu. Mkongo mwingine, EASSy, ulianza kazi mwaka 2010. Leo, kwa wengi walioko mijini na kwenye miji midogo, shida imekuwa kuchagua huduma ipi waingize nyumbani. Matangazo nayo husisitiza jambo moja tu: kasi.

Kwa macho ya uchumi, kasi ni pembejeo kama mbolea. Mfuko wa kwanza katika ekari huongeza mavuno sana, lakini wa nne huenda usiongeze hata debe moja. Hivyo basi, swali la kujiuliza ni hili: shilingi ya ziada nitakayolipa itaniletea nini?

Jua unachouziwa
Kasi hupimwa kwa megabiti kwa sekunde, ilhali ukubwa wa picha na video huandikwa kwa megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Kwa maana hiyo, huduma ya megabiti 8 hupakua megabaiti 1 tu kwa sekunde, na video ya gigabaiti 1 itachukua kama dakika 17.

Kuulizia bei sokoni, kutuma picha ya mahindi kwa mteja na kupokea malipo kwa simu hakuhitaji hata megabiti 2. Kutazama video kwa picha nzuri huhitaji megabiti 3 hadi 5 kwa kila anayetazama. Nyumba yenye watazamaji wawili na mmoja anayefanya biashara itatosheka na megabiti 12 hadi 15. Akilipia megabiti 50, mwenye nyumba huyo ananunua mfuko wa nne. Lakini anayetuma video za mifugo kwa wanunuzi aulize pia kasi ya kutuma, kwani mara nyingi huwa ndogo kuliko ya kupokea.

Piga hesabu ya mwezi
Tuchukulie kuwa bando la siku ni Sh2,000. Anayelinunua kila siku hutumia Sh60,000 kwa siku 30. Tuseme huduma ya mwezi ni Sh50,000 na ruta ni Sh120,000. Ukiigawa bei ya ruta kwa miezi 24, unaongeza Sh5,000 kila mwezi, jumla Sh55,000. Hapo ameokoa Sh5,000.

Hata hivyo, anayenunua bando siku 20 tu hutumia Sh40,000. Huyo akihamia huduma ya mwezi, gharama itapanda kwa Sh15,000. Jambo ambalo wengi husahau ni kujumlisha bando za wote nyumbani: baba, mama na watoto. Jumla hiyo ndiyo ya kulinganisha.

Uhakika kabla ya kasi
Mkulima wa nyanya wa Ilula anayesubiri bei ya soko la Ilala hahitaji mtandao wa kasi kubwa, anahitaji usiokatika. Nyanya haisubiri. Saa chache za kukosa mawasiliano zinaweza kumfanya auze kwa bei ya dalali wa kwanza. Kwake, laini ya pili ya kampuni nyingine yenye bando dogo ina faida kuliko kuongeza kasi. Ikumbukwe pia kwamba ruta hutumia umeme, hivyo betri ya akiba ni sehemu ya gharama.

Kabla ya kusaini mkataba, uliza mambo manne. Je, kuna kiwango cha matumizi ambacho ukikifikisha kasi hupunguzwa? Mkataba ni wa miezi mingapi? Nani analipia ufungaji? Na ukivunja mkataba unadaiwa nini? Azima laini ya kampuni hiyo uijaribu nyumbani kwako saa mbili usiku, wakati watumiaji ni wengi. Kasi utakayoiona hapo ndiyo utakayoishi nayo.

Kwa siku 30 zijazo, andika katika daftari la mauzo kila bando linalonunuliwa nyumbani na kila biashara iliyokwama kwa kukosa mtandao. Ukiwa na hesabu hiyo mkononi, utamsikiliza muuzaji ukijua unachohitaji.