Kamba za Jambiani: kiwanda cha karne nyingi kisicho na paa

Na Mwandishi Wetu

UKITEMBEA ufukweni Jambiani wakati maji yamekupwa, utaona marundo madogo ya mawe yametapakaa mchangani. Mgeni hudhani ni mabaki ya ukuta uliobomoka. Chini ya mawe hayo yamefukiwa makumbi ya nazi, na kila rundo lina mwenyewe anayelijua hata likifunikwa na maji wiki nzima.

Hicho ndicho kiwanda. Hakina geti, hakina bango wala mtambo, na bosi wake ni bahari. Kazi inayofanyika hapo ilikuwepo pwani hii karne nyingi kabla Seyyid Said hajahamishia makao yake Unguja katika karne ya 19: kuozesha kumbi, kulipiga mpaka litoe usumba, na kusokota usumba huo kuwa kamba.

Siku hizi kiwanda hicho kina wateja wa aina mbili. Wapo wanaonunua kamba, nao wanapungua. Wapo pia wanaokuja kutazama tu, na hao wanaongezeka, kwani Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 700,000 mwaka 2024 na wengi wao hufika pwani ya mashariki. Hapa tutaangalia kazi yenyewe, ilikotoka, na jambo ambalo mjasiriamali atataka kulijua kwanza: nani anayefaidika na fedha ya huyo anayetazama?

Kumbi linavyogeuka kamba

Kazi huanzia kwenye kifuo, ule mti wenye ncha uliochomekwa ardhini ambao nazi hufuliwa juu yake. Nazi huenda jikoni au sokoni. Kumbi, ambalo mahali pengi hutupwa au huishia kuwa kuni, hapa ni malighafi.

Wanawake huchimba mashimo katika eneo linalofunikwa maji yakijaa na kuachwa wazi yakikupwa. Makumbi hupangwa ndani, hufunikwa mchanga, kisha hukandamizwa kwa mawe ili bamvua lisiyachukue. Hukaa humo miezi mitatu hadi sita, na wapo wanaoyaacha zaidi ya hapo.

Kinachotokea chini ya mawe si muujiza. Vijidudu vya majini hula ile gundi inayoshikanisha nyuzi za kumbi, huku maji ya bahari yanayoingia na kutoka yakiondoa rangi na ukakasi. Nyuzi zenyewe haziliwi kwa urahisi kwa sababu zina ugumu wa asili, kama ule wa mbao. Ndiyo maana kamba ya usumba huvumilia maji ya chumvi kuliko kamba nyingi za mimea.

Ukiwahi kuchimbua, utapata nyuzi ngumu zilizogandamana, na kuzipiga kutakumaliza nguvu. Mwenye uzoefu hutambua kwa kubonyeza kwa vidole, na pua pia humsaidia. Shimo likifunguliwa hutoka harufu ya yai bovu, na hapo ndipo wageni wengi hurudi nyuma hatua mbili.

Baada ya hapo ni kupiga. Kumbi huwekwa juu ya jiwe na kupigwa kwa rungu la mti, hugeuzwa, hupigwa tena, huoshwa, mpaka unga wote umetoka na kubaki nyuzi tupu. Huanikwa juani. Zikikauka, mama hukaa kivulini, huchukua fungu dogo, huliviringisha kwa kiganja, huunganisha jingine kabla la kwanza halijaisha, na nyuzi mbili hupindana kuwa kamba moja. Huko Kerala, India, ambako kazi hii ni biashara kubwa, kipimo wanachotumia ni kwamba makumbi 1,000 hutoa kilo 80 hivi za usumba. Kwa mkono, hizo ni siku nyingi za kupiga.

Nyuzi zilizoshona vyombo

Kamba hii ina historia kubwa kuliko majumba mengi tunayowaonyesha wageni. Kitabu cha wafanyabiashara wa Kigiriki cha karne ya kwanza baada ya Kristo, kinachojulikana kama Periplus, kinazungumzia vyombo vya kushonwa katika pwani yetu ya Afrika Mashariki, na kinaeleza kuwa mji wa Rhapta ulipata jina lake kutokana na vyombo hivyo. Havikupigwa misumari. Mbao zilitobolewa na kushonwa kwa kamba.

Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alieleza baadaye akiwa Maldivi jinsi wanawake wa huko walivyosokota usumba, na jinsi kamba hiyo ilivyosafirishwa kwenda kushonea majahazi ya India na Yemen. Alichokieleza hakitofautiani sana na kinachoonekana Jambiani leo: makumbi yaliyolowekwa, rungu, na mikono ya wanawake.

Chombo cha mwisho cha ukoo huo katika pwani yetu kilikuwa mtepe, uliosafiri zaidi sehemu za Lamu na visiwa vya Wabajuni mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 2003 mtepe mmoja ulijengwa upya Unguja kwa ajili ya makumbusho ya Beit el Ajaib, jumba ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020.

Majini kamba ya usumba ilifunga nanga na kushika madema. Nchi kavu ilifunga nyumba. Paa la makuti la kizamani lilifungwa fito na pau kwa usumba, na sababu yake ni ya kiufundi: pwani ya Jambiani msumari huliwa na kutu, kamba haishiki kutu. Kitanda cha kamba nacho kilitoka humo humo.

Katani, nailoni na mwani

Wapinzani wa usumba walikuja mmoja baada ya mwingine. Kwanza ilikuja kamba ya nje, ambayo wazee wetu waliiita ulayiti. Kisha ikaja katani. Mkonge uliletwa Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na kufikia miaka ya 1960 nchi hii ndiyo iliyoongoza duniani kwa zao hilo. Halafu nailoni ikaangusha katani na usumba kwa pamoja. Mvuvi hana budi kuipenda nailoni: ni nyepesi, haiozi, na hupatikana dukani siku hiyo hiyo, haingojewi nusu mwaka mchangani.

Hata hivyo, pigo kubwa kwa kamba za Jambiani halikutoka kwa kamba nyingine. Lilitoka kwa mwani.

Kilimo cha mwani cha kibiashara Unguja kilianza mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu kutoka Ufilipino. Wanawake wale wale waliokuwa wakishuka pwani kuangalia makumbi yao sasa walishuka kufunga mwani. Na hesabu yao ilikuwa sahihi. Mwani ulivunwa baada ya wiki sita hivi, kampuni ilitoa kamba na mbegu, na mnunuzi alikuwa mlangoni. Wapo waliojenga nyumba na kusomesha watoto kwa fedha hiyo.

Inachekesha kidogo kwamba mashamba hayo ya mwani, katika kijiji cha wasokota kamba, yalifungwa kwa nailoni na vikamba vya plastiki viitwavyo taitai.

Miaka ya karibuni mwani nao umeleta mashaka. Aina ya kotoni, yenye bei nzuri, hufa maji yanapopata joto, na maeneo mengi yamebaki na spinosamu ya bei ya chini. Baadhi ya wanawake wa Jambiani wamehamia kwenye kilimo cha sponji za baharini, kilichoanzishwa kijijini hapo na shirika la marinecultures.org. Wengine wamerudi kwenye mashimo yao ya makumbi, au hawakuyaacha kabisa, kwa kuwa kumbi likishafukiwa halidai palizi. Ni akiba iliyolala mchangani mpaka siku ya shida.

Nani anakula fedha ya mgeni

Duniani wapo waliotajirika kwa kuonyesha kazi ya zamani. Kiwanda cha bia cha Weihenstephan, Ujerumani, kinajinadi kwa mwaka 1040, na mgeni hulipa kuzungushwa ndani, kisha hununua bidhaa mlangoni. Huko Alappuzha, Kerala, kiwanda cha kwanza cha mazulia ya usumba kilianzishwa mwaka 1859, na leo wilaya hiyo ina jumba la makumbusho la usumba peke yake. Nyumbani kwetu, kiwanda cha mafuta ya makonyo cha Wawi, Pemba, hupokea wageni wanaotaka kuona karafuu inavyotoa mafuta, nao wakitoka hununua chupa.

Kote huko kuna mlango. Anayeingia hulipa mlangoni, na fedha hubaki kwa mwenye kazi. Jambiani hakuna mlango. Mtalii huuziwa ziara ya kijiji hotelini au mjini, hutembezwa kwa mguu, husimama dakika kumi mbele ya mama anayepiga makumbi, hujaribu kusokota, hupiga picha, huondoka. Mama hupata bakshishi, kama mgeni ni mkarimu.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Wageni wanne wanalipa Sh20,000 kila mmoja, jumla Sh80,000. Wakimwachia msokota kamba Sh4,000, huyo aliyefanya ziara iwe na maana amepata senti tano katika kila shilingi, na amesimamisha kazi yake ili awafundishe. Kiongozi wa wageni naye ana gharama zake na hatumlaumu. Lakini mgawanyo huo ukiachwa kwa huruma ya mgeni, hautabadilika.

Dawa yake haihitaji mfadhili. Wasokota kamba wakikubaliana kiwango kimoja kwa kila mgeni, kilipwe kabla ya onyesho na kiandikwe kwenye daftari, kiongozi wa ziara atakiingiza katika bei yake kama anavyoingiza nauli. La muhimu ni wote wakubaliane. Akitokea mmoja wa kuonyesha bure, bei imekufa.

Bidhaa nayo iangaliwe. Mgeni mwenye begi la kilo 23 hanunui bunda la kamba ya kuezekea. Atanunua zulia dogo la mlangoni, brashi ya kusugulia sufuria, au kikapu cha kutundika chungu cha maua. Hoteli yenyewe ni mteja mkubwa zaidi: inaezeka makuti kila baada ya miaka michache, na Zanzibar imekataza mifuko ya plastiki tangu mwaka 2006, hivyo lugha ya kuepuka plastiki si ngeni kwa mameneja. Hapo mfanyabiashara mdogo mwenye pikipiki anaweza kusimama kati ya wasokota kamba na hoteli, mradi ahakikishe unene wa kamba ni ule ule kila mara. Fundi wa paa hasamehi kamba nyembamba huku na nene kule.

Unga unaotupwa

Kuna mali nyingine inayosombwa na maji kila siku ya kupiga makumbi, nayo ni ule unga wa kahawia unaobaki. Duniani huuzwa kwa jina la kokopiti, na wenye vitalu vya miche huupenda kwa sababu hushika maji kama sifongo.

Mkulima wa Unguja anaweza kuutumia, ila kwa tahadhari moja: unga wa kumbi lililolowekwa baharini umejaa chumvi. Lazima uoshwe kwa maji baridi mara kadhaa na kukamuliwa kabla ya kuchanganywa na udongo na samadi, la sivyo mche utakauka huku umeloa. Anayetaka unga kwa kitalu ni afadhali atumie makumbi ambayo hayajaonja bahari.

Yote haya yanasimama juu ya mnazi, na mnazi una matatizo yake. Mingi Unguja ni mizee, mingine imekatwa mbao, na mdudu chonga hushambulia michanga. Anayepanda leo mnazi mrefu wa asili atasubiri miaka sita au zaidi kuona nazi ya kwanza. Asiwaue majimoto, wale siafu wekundu wanaomng'ata mkwezi, kwani wao hula wadudu wanaofyonza nazi changa.

Na kuna suala la ufukwe. Shimo la makumbi halina hati. Linalindwa na desturi tu, kwamba hapa ni pa fulani, na mama yake alifukia hapa hapa. Hoteli ikijengwa mbele yake, na mgeni aliyelipia chumba akilalamikia harufu ya yai bovu, desturi hiyo itahitaji kuandikwa mahali. Kamati za shehia ndizo za kuanzia, na wakati mzuri ni kabla ya ukuta kujengwa.

Kwa anayetaka kwenda kuona, daladala namba 309 hutoka mjini mpaka Jambiani. Nenda siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali na mashimo kuwa wazi. Siku za maji mafu utaona mengi yamefunikwa. Na kabla ya kutoa simu kupiga picha, uliza bei.