Ramani inayosaidia kuokoa mabinti Mara: kwa nini haikuandikwa kwa lugha moja ya kompyuta?

Shule zikifungwa Desemba, kwa mabinti wengi wa Tarime na Serengeti, mkoani Mara, ndio msimu wa kuogopa ukeketaji. Ikija taarifa usiku kwamba binti anahitaji msaada, wanaokwenda kumchukua lazima wajue kijiji chake kiko wapi na njia ipi inafika.

Shida ni kwamba vijiji vingi vya huko havikuwemo kwenye ramani za simu. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Crowd2Map Tanzania. Watu wa kujitolea duniani huchora barabara na nyumba kwa kutazama picha za setilaiti, kisha wenyeji huweka majina ya vijiji, shule na zahanati. Hope for Girls and Women, shirika la Rhobi Samwelly lenye nyumba salama Mugumu, ni kati ya wanaoitumia kazi hiyo.

Yote huingia OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Na hapa ndipo penye ubishi wa madeveloper: mradi mkubwa hivi uchague lugha moja ya kompyuta, au kila mtu aje na yake?

Lugha moja ina raha yake. Mmoja akiacha kazi, mwenzake anaendeleza. Kama mko wanne tu mnatengeneza app ya saccos, chagueni moja mtulie.

OpenStreetMap haikufanya hivyo. Tovuti yake ni Ruby. iD, programu ya kuchorea kwenye kivinjari, ni JavaScript. JOSM, ya wachoraji wazoefu, ni Java. Organic Maps, inayofungua ramani hata bando likiisha, kiini chake ni C++. Walichokubaliana ni data tu: kila nukta ina mahali ilipo na maelezo yake, na kuna utaratibu mmoja wa kuituma na kuichukua kwenye seva.

Faida yake ilionekana 2020. Potlatch, programu nyingine ya kuchorea, ilitegemea Flash, na mwisho wa mwaka ule Adobe wakaachana na Flash. Hakuna kijiji cha Tarime kilichofutika. Vijiji viko kwenye data, na wachoraji walikuwa na programu nyingine za kuendelea nazo.

Ila bei ipo. Utaratibu ule wa seva, toleo 0.6, ni wa tangu 2009. Ukiubadilisha leo unaharibu programu za watu hata huwajui, kwa hiyo mabadiliko yanakwenda polepole mno, na wapo wanaochoshwa na hilo. Mimi naona ni sawa tu. Anayetafuta njia ya kijijini saa saba usiku hana habari na Java wala Ruby, anataka ramani ifunguke kwenye simu yake ya bei rahisi.

Ukitaka kujaribu, pakua ramani ya eneo lako ukiwa bado kwenye Wi-Fi.