Maji Haya Yatoka Wapi? Jinsi ya Kutafuta Asili ya Unyevu Ulio Kando ya Nyumba

Mvua ikikoma, ardhi yapaswa kukauka. Lakini ziko nyumba nyingi, za mashambani na za mijini, ambazo kando ya ukuta mmoja pana mahali pasipokauka kamwe. Majani huwa mabichi hapo hata wakati wa kiangazi, watoto huteleza, na lipu ya ukuta huanza kubabuka kutoka chini.

Mwenye nyumba akiisha kuchoshwa na tope, kwa kawaida humwaga kifusi, au hupanga mawe, au hununua saruji akapasakafia mahali pale. Kwa muda huonekana kana kwamba kazi imekwisha. Kumbe maji hayakuondoka, yamefunikwa tu. Kwa kuwa yamezibiwa njia ya juu, hupenya chini ya msingi au hupanda ndani ya ukuta, na baada ya miezi michache unyevu hutokea upande wa ndani, nyuma ya kitanda. Fedha zimekwisha na maji yapo palepale.

Makala haya yakusudia kuwaonyesha wasomaji namna ya kujua maji yatokako kabla ya kutumia shilingi hata moja kuyazuia. Majaribio tutakayoyaeleza hayahitaji fundi. Yahitaji vijiti, jembe, daftari, na subira ya siku chache.

Kwa nini jambo hili lisiachwe

Unyevu wa daima hudhoofisha nyumba. Ukuta wa udongo ukilowa chini hupoteza nguvu na waweza kuanguka ghafula, tena usiku, watu wakiwa wamelala. Nyumba ya mawe nayo haikusalimika, hasa ikiwa imejengwa juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule ulioko sehemu za mashariki ya Nairobi na katika uwanda wa Kano karibu na Kisumu. Udongo huo hufura ukipata maji na hupasuka ukikauka. Upande mmoja wa nyumba ukiwa umelowa na upande wa pili umekauka, msingi hauinuliwi sawasawa, na kuta hupata nyufa.

Pia liko jambo la afya. Mbu waenezao malaria hupenda kutaga katika vidimbwi vya maji safi yaliyosimama juani, na mayai yao hugeuka kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja au mbili. Tena ikiwa maji yale yatoka chooni, hatari yake ni kubwa zaidi, kama tutakavyoeleza mbele.

Anza kwa vijiti

Maji ya kando ya nyumba huwa na asili nne: maji ya mvua yatokayo juu ya paa au uani, maji safi yavujayo katika bomba, maji machafu ya choo, bafu au jiko, na maji ya ardhini yenyewe. Yote yakiisha kuchanganyika na udongo huonekana namna moja, yaani tope. Lakini kila moja lina saa zake na majira yake, na kwa hayo hutambulika.

Kwa hiyo, kabla ya kuchimba popote, chomeka vijiti kuzunguka ukingo wa mahali palipolowa. Kila siku asubuhi na jioni, kwa muda wa juma moja au zaidi, tazama kama unyevu umepita vijiti au umerudi ndani, ukaandike katika daftari. Andika pia siku ya mvua, siku ya kufua nguo, na, kwa watu wa mijini, siku ambayo maji ya bomba yalifunguliwa. Daftari hilo litakuonyesha mengi.

Maji ya mvua

Ikiwa unyevu hupanuka mara baada ya mvua, kisha hupungua siku kwa siku mpaka mvua nyingine inyeshe, yaelekea kuwa maji hayo yatoka juu. Watu wengi hawaamini kuwa paa la nyumba moja laweza kutoa maji mengi hivyo. Basi na tufanye hesabu. Mvua ya milimita moja, ikianguka juu ya eneo la mita moja ya mraba, hutoa lita moja ya maji. Nyumba ya mabati yenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 6 ina eneo la mita 60 za mraba. Mvua ya milimita 25, ambayo ni mvua ya kawaida ya alasiri moja wakati wa masika, itatoa lita 1,500 juu ya paa hilo, yaani madebe 75 ya lita 20. Paa likiwa la pande mbili, kila upande humwaga zaidi ya madebe 37 chini ya ukuta mmoja. Ni nani awezaye kumwaga madebe 37 ya maji penye msingi wake na kutazamia pawe pakavu kesho yake?

Wakati mvua inaponyesha, jifunike utoke nje utazame. Angalia kama mfereji wa paa umejaa majani, umetoboka, au umeinama upande usiofaa. Angalia pia kama ardhi ya uani inateremka kuelekea nyumbani badala ya kuupa ukuta mgongo. Mara nyingi uani hufagiwa kila siku kwa miaka mingi, udongo ukaondoka kidogo kidogo, mpaka penye ukuta pakawa bonde. Dawa yake ni kusafisha mfereji, kuyaongoza maji ya paa mpaka kwenye tangi au mtaro, na kushindilia udongo penye ukuta ili ardhi iteremke kwenda nje. Tangi litakusaidia tena wakati wa kiangazi.

Maji ya bomba

Ikiwa mahali pale hapabadiliki, mvua ikinyesha au isinyeshe, yafaa kushuku bomba. Bomba lililofukiwa laweza kuvuja miaka bila kutoa sauti. Tone moja kwa kila sekunde huonekana kuwa si kitu, lakini kwa siku moja hukusanya lita zipatazo 20, na kwa mwezi madebe 30.

Mwenye mita ana shahidi asiyesema uwongo. Usiku, watu wote wakiisha kuoga na kupika, funga koki zote, kisha andika tarakimu zote za mita, hata zile ndogo za mwisho. Asubuhi, kabla mtu yeyote hajafungua maji, zisome tena. Zikiwa zimesogea, maji yamekwenda mahali. Hakikisha kwanza kuwa tangi la juu halikuwa linajaa usiku huo, na kwamba boya lake lafunga vizuri, maana tangi lifurikalo huweza kumwaga maji ukutani usiku kucha bila mtu kujua. Kisha funga koki kubwa iliyo karibu na nyumba urudie jaribio. Mita ikisimama, mvujo umo ndani ya nyumba au katika tangi. Ikiendelea, umo katika bomba lililo kati ya mita na nyumba.

Lakini mita husema habari za bomba lililopita kwake tu. Bomba kubwa la barabarani likipasuka mbele ya mita, mita haitasogea hata nyumba ikiogelea. Hapo ndipo daftari lako litakapokufaa. Katika miji ambayo maji hugawanywa kwa zamu, linganisha siku za maji na siku za vijiti. Unyevu ukipanuka kila siku ya zamu na kupungua maji yakifungwa, asili yake ni bomba la mtaani. Peleka habari hizo kwa kampuni ya maji pamoja na tarehe ulizoandika. Kwa desturi bomba lililo kabla ya mita ni juu ya kampuni kulitengeneza, na lililo baada ya mita ni juu ya mwenye nyumba.

Maji machafu

Ikiwa unyevu huongezeka saa za kuoga na siku za kufua, au pana harufu, au povu, au majani yenye kunawiri kupita kiasi, shuku maji machafu. Huenda bomba la kutoka bafuni limevunjika, au shimo la kunyonya maji limeziba. Mafuta ya jikoni na sabuni hugandamana katika udongo wa shimo hilo hata ukashindwa kunywa, ndipo maji hurudi juu.

Jaribio lake ni rahisi. Koroga rangi kali ya chakula katika ndoo ya maji, uimwage chooni au bafuni, kisha utazame mahali palipolowa kwa siku kadhaa. Rangi ikitokea, jambo limethibitika. Isipotokea, usiseme kuwa choo hakina hatia, kwa maana udongo waweza kuishika rangi njiani.

Kujua hili ni jambo la uhai na mauti, na historia ya mji mmoja mkubwa yatufundisha. Mwaka 1854, katika mtaa wa Broad Street mjini London, ugonjwa wa kipindupindu uliua watu zaidi ya 600 kwa muda wa majuma machache. Daktari John Snow alionyesha kuwa wengi wa waliokufa walikuwa wamekunywa maji ya kisima kimoja cha pampu, ambacho maji yake yalionekana kuwa safi. Mahali pale palipochimbuliwa mwaka 1855, iligunduliwa kuwa shimo la uchafu la nyumba Na. 40 lilikuwa karibu na kisima hicho, umbali wa futi zipatazo 3 tu. Matofali yake yalikuwa yamelegea, na udongo uliokuwa kati ya shimo na kisima ulikuwa umelowa chapachapa.

Kipindupindu si habari za zamani tu. Kiliingia tena katika Kenya mwezi wa Oktoba 2022, kikaendelea mwaka 2023. Kwa hiyo ukishuku kuwa maji ya choo yanapenya ardhini, wazuie watoto wasicheze hapo, chemsha maji yote ya kunywa yatokayo katika kisima kilicho karibu, na umwite Afisa wa Afya, ambaye wengi humwita Bwana Afya. Choo kipya kichimbwe upande wa chini wa kisima, umbali usiopungua mita 30, na tako la shimo lisiyafikie maji ya ardhini, bali libaki juu yake angalau mita moja na nusu.

Maji ya ardhini

Nyumba nyingine zimejengwa juu ya njia ya maji bila mwenyewe kujua. Mvua ikinyesha mlimani, maji huzama katika udongo mpaka yakute mwamba au mfinyanzi. Hapo hutambaa chini kwa chini, na kutokea mahali mteremko unapopungua. Safari hiyo huchukua muda. Ndiyo sababu unyevu wa namna hii huweza kuzidi majuma kadhaa baada ya mvua kwisha, wakati ambapo mwenye nyumba amekwisha kuisahau mvua. Mimea ipendayo maji, kama matete na ndago, huwa ni dalili nzuri.

Ili kuhakikisha, chimba mashimo mawili yenye kina cha futi 2. Moja liwe penye unyevu, hatua mbili au tatu kutoka ukutani, mbali na njia ya bomba na waya za umeme. La pili liwe juu zaidi mlimani, mbali na nyumba. Yateke maji yaliyomo katika shimo la kwanza, kisha utazame yanaingia kwa upande gani. Shimo la juu likiwa na maji pia, maji yatoka mbali kuliko nyumba yako. Likiwa kavu, rudi utafute nyumbani. Ukimaliza yafukie, mtoto asije akatumbukia.

Maji ya ardhini hayazuiliki kwa saruji. Hukatwa njia kwa mtaro uliochimbwa upande wa juu wa nyumba, ukajazwa mawe, na kuyaongoza maji mpaka bondeni, bila kumtwisha jirani taabu yako.

Tahadhari moja kwa wakaao kwenye miteremko mikali. Ikiwa chemchemi mpya imetokea ghafula wakati wa mvua nyingi, na ardhi iliyo juu ya nyumba imepasuka, au miti na nguzo zimeanza kuinama, usichimbe shimo wala mtaro. Watoe watu wote upesi, uwaarifu majirani na chifu. Mwezi wa Novemba 2019, maporomoko ya ardhi katika Pokot Magharibi yaliua watu zaidi ya 40 baada ya mvua kubwa.

Shughulikia moja kwa moja

Mwisho, yafaa kukumbuka kuwa asili mbili zaweza kuwapo pamoja, kwa mfano mfereji wa paa uliotoboka na bomba livujalo. Kwa sababu hiyo usitengeneze vitu vyote siku moja. Tengeneza kile ambacho daftari limekitaja kwanza, viache vijiti mahali pake, ungoje majuma mawili. Vijiti vikibaki katika udongo mkavu, umefaulu. Tope likiwa bado limevizunguka, endelea na jaribio lifuatalo. Saruji na lipu zinunuliwe baada ya ardhi kukauka, wala si kabla.