Namna Swichi na Ishara za Maunzi Zinavyoelezwa kwa Kiini cha Mfumo Endeshi: Mfano wa Swichi ya Kifuniko katika Linux

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua jinsi kiini cha mfumo endeshi wa Linux kinavyoarifiwa kuhusu swichi na nyaya za ishara zilizomo katika bodi ya kompyuta. Suala hili linaweza kuonekana dogo, kwa kuwa swichi ni miongoni mwa vifaa sahili kabisa: ama imefunga njia ya umeme, ama imeifungua. Hata hivyo, usahili huo ndio unaolificha tatizo. Kiini kinaposoma pini hupata biti moja tu, yaani 0 au 1. Biti hiyo haisemi kwamba pini imeunganishwa na kifuniko cha kompyuta mpakato, wala haisemi iwapo 0 humaanisha kifuniko kimefungwa au kimefunguliwa. Maana hiyo imo katika mchoro wa saketi, na kiini hakisomi mchoro. Sharti mtu akiandikie.

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba maandishi hayo ni mkataba kati ya bodi na kiini, na kwamba ukweli wa mkataba huo hauwezi kuthibitishwa na programu peke yake.

2.0 Usuli wa Tatizo

Baadhi ya vifaa hujitambulisha vyenyewe. Kifaa cha USB kinapochomekwa, hutoa namba ya mtengenezaji na namba ya bidhaa, na kiini hutafuta kiendeshi kinachooana nazo. Swichi haina uwezo huo. Kwa miaka mingi, katika kompyuta zenye vichakataji vya ARM, maelezo ya vifaa vya namna hii yaliandikwa kwa lugha ya C ndani ya msimbo wa kiini chenyewe, takribani kila bodi na faili lake. Bodi zilipoongezeka, msimbo nao ulifura. Mnamo Machi 2011, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alilalamika waziwazi kuhusu hali hiyo.

Suluhisho lililoenea baada ya hapo ni mti wa vifaa. Wazo hili halikuwa jipya: lilitokana na Open Firmware, iliyosanifishwa mwaka 1994 kwa namba IEEE 1275, na lilikuwa tayari likitumika katika kompyuta za SPARC na PowerPC. Mti huo huandikwa kama matini ya kawaida, kisha programu iitwayo dtc huugeuza kuwa faili la jozi. Kompyuta inapowashwa, programu ya kupakia kiini hukikabidhi faili hilo. Hivyo, kiini kimoja kinaweza kuendesha bodi nyingi zinazotofautiana, mradi kila bodi ije na maelezo yake. Katika kompyuta nyingi za x86, kazi inayofanana na hiyo hutekelezwa na ACPI.

3.0 Maelezo ya Swichi Moja

Kielelezo kifuatacho ni maelezo ya swichi ya kifuniko katika bodi ya kufikirika.

    gpio-keys {
        compatible = "gpio-keys";

        switch-kifuniko {
            label = "Kifuniko";
            gpios = <&gpio1 7 GPIO_ACTIVE_LOW>;
            linux,input-type = <EV_SW>;
            linux,code = <SW_LID>;
            debounce-interval = <10>;
            wakeup-source;
        };
    };

Sifa ya "compatible" ndiyo inayomkutanisha kifaa na kiendeshi chake. Kila kiendeshi hubeba orodha ya majina kinayoyahudumia. Kiini hulinganisha jina lililomo katika mti na orodha hizo. Sifa ya "gpios" hutaja kidhibiti, namba ya pini na mwelekeo wa ishara.

Sifa mbili zinazofuata hueleza maana. EV_SW hutofautisha swichi na kitufe. Kitufe ni tukio: hubonyezwa na kuachiwa. Swichi ni hali: hubaki ilivyo hata pasipo mtu kuigusa, na programu inaweza kuuliza hali hiyo wakati wowote. Iwapo aina haikutajwa, kiendeshi hichi huchukulia kwamba ni kitufe. Kwa hiyo, kuacha mstari huo mmoja kunatosha kukifanya kifuniko kihesabiwe kama kitufe cha kibodi.

Sifa ya "debounce-interval" inatokana na tabia ya chuma. Ncha mbili za swichi zinapogusana hudundadunda kwa muda mfupi kabla ya kutulia, na kila mdundo huonekana kwa kichakataji kama badiliko jipya. Kiendeshi husubiri ishara itulie kwa muda uliotajwa, hapa milisekunde 10, ndipo kikatoa taarifa moja. Pasipo kutajwa, muda huo huwa milisekunde 5. Mwisho, "wakeup-source" hueleza kwamba swichi hii ina uwezo wa kuiamsha kompyuta iliyolala.

4.0 Athari za Neno Moja

Tuchukulie kwamba katika bodi hii kikinza huishikilia pini kwenye volti ya juu, na kwamba kifuniko kinapofungwa, sumaku huifunga swichi na pini hushuka hadi volti 0. Ishara basi hutenda ikiwa chini, nayo GPIO_ACTIVE_LOW ndiyo maelezo sahihi. Kiini huigeuza 0 ya umeme kuwa 1 ya kimantiki, yaani "kifuniko kimefungwa".

Mwandishi akiweka GPIO_ACTIVE_HIGH badala yake, kila kitu hupinduka. Mtumiaji akifungua kompyuta, kiini huripoti kwamba imefungwa, na programu inayosimamia nguvu huweza kuilaza mbele ya macho yake. Akiifunga na kuitia mkobani, huendelea kufanya kazi, ikipata joto na kumaliza betri. Hakuna ujumbe wa kosa unaoandikwa popote, kwa sababu sarufi ya maelezo ni sahihi. Programu ya dtc hukagua muundo, na skima za mti wa vifaa hukagua majina na aina za sifa. Hakuna kati yake inayoweza kukagua waya uliolehemiwa.

Hatari nyingine ni makosa mawili yanayofutana. Kiendeshi kinaweza kuupuuza mwelekeo ulioandikwa na kujiwekea wake, huku maelezo nayo yakiwa yamekosewa. Kifaa hufanya kazi, na kosa halionekani. Siku kiendeshi kinaporekebishwa ili kiheshimu maelezo, bodi za zamani huharibika. Kwa kuwa faili la mti huweza kubaki ndani ya bodi bila kubadilishwa kwa miaka mingi, kiini kimelazimika kubeba marekebisho mahususi ya mwelekeo kwa baadhi ya vifaa, katika faili la gpiolib-of.c. Msimbo huo ni gharama ya maelezo yasiyo kweli.

5.0 Mjadala

Kanuni inayokubalika ni kwamba mti wa vifaa uyaeleze maunzi, si matakwa ya mfumo endeshi. Sifa ya "linux,code" inaonekana kuivunja kanuni hiyo, kwani imebeba jina la Linux. Makala haya yanaona kwamba uvunjaji huo ni wa jina zaidi kuliko wa maana. Kwamba swichi hii iliwekwa ili kutambua kifuniko ni jambo lililoamuliwa na msanifu wa bodi, hivyo ni sehemu ya maunzi. Kompyuta ilale au isilale kifuniko kikifungwa ni uamuzi wa mtumiaji, na hauna nafasi katika mti.

6.0 Hitimisho

Imeonekana kwamba swichi isiyojua kujieleza huhitaji msemaji, na kwamba kiini humwamini msemaji huyo bila kuhoji. Kwa hiyo, uhakiki wa maelezo hauna budi kuanzia kwenye bodi yenyewe: volti ya pini ipimwe swichi ikiwa katika hali zote mbili, matokeo yalinganishwe na mchoro wa saketi, kisha yalinganishwe na kile kiini kinachoripoti. Vitatu hivyo vikikubaliana, maelezo ni ya kweli. Kifaa kufanya kazi si ushahidi wa kutosha.