Kidingapopo, Chikungunya na Umbo la Protini: Somo la Ulinganishaji kwa Wanaisimu

Ndugu msomaji, huenda ukashangaa kukuta habari za protini katika jarida la idara ya Kiswahili. Makala haya yanaeleza jinsi kompyuta inavyolinganisha maumbo ya protini na kuyaweka katika makundi kwa kadiri yanavyofanana. Tumeyaleta hapa kwa sababu kazi hiyo inashabihiana sana na kazi yetu ya kulinganisha lugha na lahaja, na kwa sababu mfano wake mmoja mzuri unaanzia katika maneno mawili ya pwani yetu.

Tuanzie Mocímboa da Praia, mji wa bandari kaskazini mwa jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji. Sokoni hapo husikika Kimwani, Kimakonde, Kiswahili na Kireno. Ukiiacha bahari na kuelekea bara, unapanda nyanda za juu za Wamakonde upande wa Mueda. Ng'ambo ya Mto Ruvuma, upande wa Tanzania, ziko nyanda nyingine za Wamakonde, za Newala. Mji wenyewe umepata mateso makubwa: ulishambuliwa Oktoba 2017, ukatekwa Agosti 2020, na ukakombolewa Agosti 2021. Watu walitawanyika, kisha wengi wakarejea. Katika hali kama hiyo, mtu akifika zahanati ana homa kali na viungo vinamuuma, na kipimo cha malaria kinaonyesha hana malaria, swali la "hii ni homa gani?" si la kitaaluma tu.

Maneno mawili, homa mbili

Mwaka 1952 na 1953 ulizuka ugonjwa wa homa katika nyanda za Newala. Wagonjwa waliumwa viungo hata wakashindwa kusimama wima. Wenyeji waliuita kwa neno la Kimakonde lenye maana ya kukunjamana au kupindika, nalo likawa jina la kisayansi: chikungunya. Baadhi ya maandishi yamelitaja kuwa neno la Kiswahili. Mwanafunzi wa isimu atakumbuka kwamba kiambishi chi- ndicho mwenzake ki- ya Kiswahili, wala hatakubali kosa hilo limpite.

Neno la pili ni la zamani zaidi. Mwaka 1870 ulitokea Unguja ugonjwa wa homa na maumivu ya viungo. Daktari James Christie, aliyefanya kazi huko, aliandika kwamba wenyeji waliuita kidinga pepo, na kwamba wazee waliukumbuka ugonjwa kama huo uliopita mnamo 1823. Wapo wataalamu wanaoona kwamba jina la kimataifa la dengue lilitokana na neno hilo. Leo Tanzania tunaandika kidingapopo: pepo amegeuka popo, ingawa popo hana hatia. Homa hizi zote mbili huenezwa na mbu aina ya Aedes.

Homa hizo hufanana kiasi kwamba mwaka 1971 mtafiti Donald Carey alitoa hoja kuwa ugonjwa wa Unguja wa 1823 na 1870 yamkini ulikuwa chikungunya, si dengue. Yaani huenda jina la pwani lilianza kwa ugonjwa mmoja, likaishia kwa mwingine! Na kuzichanganya kuna hatari. Mgonjwa wa dengue anaweza kutokwa na damu ndani ya mwili, kwa hiyo hapaswi kupewa aspirini wala ibuprofeni. Mgonjwa wa chikungunya kwa kawaida hapati hatari hiyo, lakini maumivu ya viungo yanaweza kumkaa kwa miezi. Kwa hiyo dalili za nje ni kipimo dhaifu cha kuweka vitu katika makundi. Inabidi tuingie ndani.

Kulinganisha herufi

Ndani ya kila kirusi mna protini. Protini ni mnyororo wa asidi amino, nazo ziko za aina 20. Wanasayansi huipa kila aina herufi moja, hivyo protini huweza kuandikwa kama neno refu. Protini E ya kirusi cha dengue ina herufi zipatazo 495. Protini E1 ya chikungunya ina zipatazo 440.

Njia ya kwanza ya kulinganisha ni upangaji sambamba wa herufi. Walimu wa lahaja wanaifahamu. Tukiweka njia ya Kiunguja juu ya ndia ya Kiamu, herufi tatu kati ya nne zinaoana. Tukiweka mtu juu ya omuntu ya Kiganda, inabidi tuache mapengo: o, u na n hazina wenzake upande wa Kiswahili. Kompyuta hufanya vivyo hivyo. Hutoa alama kwa herufi zinazooana, hupunguza alama kwa zisizooana na kwa kila pengo, kisha hutafuta mpangilio wenye jumla kubwa kuliko yote. Kanuni ya kufanya hivyo bila kujaribu kila mpangilio mmoja mmoja ilitolewa na Needleman na Wunsch mwaka 1970.

Njia hii ni nzuri kwa ndugu wa karibu. Inaonyesha mara moja kwamba chikungunya ni ndugu wa o'nyong-nyong, homa iliyozuka Uganda mwaka 1959 na yenye jina la Kiacholi. Inaonyesha pia kuwa dengue ni ndugu wa Zika, kirusi kilichopewa jina la msitu wa Uganda kilikogunduliwa mwaka 1947. Lakini ukiweka protini E ya dengue sambamba na E1 ya chikungunya, hupati mfanano wa maana. Herufi zinazooana zikishuka chini ya robo au moja ya tano, mara nyingi huwezi kujua kama unaona undugu au bahati nasibu. Mwanaisimu analijua tatizo hilo. Neno mama hupatikana katika lugha nyingi za dunia zisizo na undugu wowote.

Kulinganisha maumbo

Mnyororo wa protini haukai umenyooka. Hujikunja na kujisokota mpaka upate umbo maalumu, na umbo hilo ndilo linalofanya kazi. Maumbo yaliyopimwa huwekwa katika hifadhidata ya Protein Data Bank, iliyoanzishwa mwaka 1971. Kila atomu ya asidi amino hupewa namba tatu zinazoonyesha mahali ilipo. Kipimo kinachotumika ni angstromu, ambayo ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita.

Kuna namna kadhaa za kulinganisha maumbo hayo.

Namna ya kwanza ni kulaza umbo moja juu ya jingine, kama mshonaji anavyolaza kitambaa juu ya kielelezo, na kuligeuza mpaka yakaribiane kadiri iwezekanavyo. Kisha hupimwa umbali kati ya kila nukta na mwenzake. Umbali huo hupigwa mraba, hutafutwa wastani wa miraba, na mwishoni kipeuo cha pili. Tuchukue mfano mdogo wa nukta nne zenye tofauti za angstromu 1, 1, 1 na 9. Jumla ya miraba ni 84, wastani ni 21, na kipeuo chake ni karibu 4.6. Nukta tatu zimeoana vizuri, lakini moja iliyopotoka imeharibu hesabu yote. Ni kama darasa ambalo mwanafunzi mmoja aliyekosa mtihani anashusha wastani wa wenzake.

Ili kuondoa kasoro hiyo, Zhang na Skolnick walitoa mwaka 2004 kipimo kiitwacho TM-score. Hapa kila jozi ya nukta hupata alama kati ya 0 na 1: zilizokaribiana hupata karibu 1, zilizoachana hupata karibu 0, na hakuna jozi inayoweza kuwaadhibu wenzake. Tukichukua angstromu 3 kuwa kipimo cha ukaribu, tofauti ya 1 hupata alama 0.9, na tofauti ya 9 hupata 0.1. Wastani wa nukta zetu nne unakuwa 0.7. Kwa desturi, protini mbili zinazozidi 0.5 huhesabiwa kuwa na mkunjo wa aina moja. (Mfano wetu ni wa darasani tu, protini halisi huwa na mamia ya nukta.)

Namna ya pili haihitaji kulaza chochote. Chukua ramani yenye Mocímboa da Praia, Palma, Mueda, Pemba na Mtwara. Andika jedwali la umbali kati ya kila mji na mwingine. Sasa geuza ramani juu chini: jedwali halibadiliki hata kidogo. Programu ya DALI, iliyotolewa na Holm na Sander mwaka 1993, hutumia wazo hilo. Hutengeneza jedwali la umbali wa ndani wa kila protini, kisha hutafuta vipande vya majedwali vinavyofanana.

Namna ya tatu itawafurahisha wapenzi wa fonolojia. Mwaka 2021 matokeo ya programu ya AlphaFold yalichapishwa, nayo hukisia umbo la protini kutokana na herufi zake. Kufikia 2022 maumbo zaidi ya milioni 200 yalikuwa yamekisiwa, na kuyalaza mawili mawili kungechukua muda mrefu mno. Programu ya Foldseek ikaleta alfabeti mpya ya herufi 20. Herufi hizi hazitaji aina ya asidi amino. Hutaja jinsi kila asidi amino ilivyokaa karibu na jirani zake katika mkunjo. Umbo likawa neno tena, na maneno hulinganishwa haraka. Mwaka 2023 watafiti waliyapanga maumbo ya AlphaFold kwa njia hiyo wakapata makundi yapatayo milioni 2.3 yenye mwanachama zaidi ya mmoja.

Kuweka katika makundi

Tukishapata alama za kila jozi, kazi ya makundi ni rahisi kueleza. Walio karibu zaidi huunganishwa kwanza, kisha kundi hilo huunganishwa na lililo karibu nalo, hadi upatikane mti. Wanaopima asilimia ya msamiati unaoshirikiwa na lugha huchora mti wa aina hiyo hiyo. Hifadhidata za SCOP (1995) na CATH (1997) zilipanga protini kwa ngazi, kama sisi tunavyopanga familia ya lugha, tawi, lugha na lahaja.

Sasa turudi kwa homa zetu. Mwaka 1995 lilichapishwa umbo la protini E ya kirusi kimoja cha jamii ya dengue. Mwaka 2001 lilifuata umbo la E1 ya kirusi cha Semliki, kilichogunduliwa magharibi mwa Uganda katika miaka ya 1940 na ambacho ni ndugu wa chikungunya. Herufi hazikufanana, lakini maumbo yalifanana! Zote mbili zina sehemu tatu zilizopangwa kwa namna moja, na ncha inayochoma utando wa seli ili kirusi kiingie. Umbo la dengue yenyewe (2003) na la chikungunya (2010) yalithibitisha jambo hilo. Kisha mwaka 2017 ikaonekana kwamba HAP2, protini inayounganisha seli za uzazi za viumbe vingi, ina mkunjo huo huo. Kimelea cha malaria nacho kina HAP2, na hukitumia kuzaliana ndani ya mbu. Hivyo homa tatu zinazochanganywa katika zahanati moja zina zana ya ukoo mmoja wa maumbo.

Mipaka ya njia hizi

Kufanana kwa umbo hakumaanishi kwamba chanjo ya dengue itazuia chikungunya. Kinga ya mwili hutambua uso wa protini, na nyuso za hizi mbili ni tofauti. Vilevile umbo haliono kila kitu. Chikungunya ilizuka Lamu mwaka 2004, ikafika Komoro, kisha Réunion, ambako takriban theluthi moja ya watu waliugua. Huko kirusi kilikuwa kimebadilisha herufi moja tu ya E1, ya 226, kutoka alanini kuwa valini. Mkunjo ulibaki ule ule, lakini kirusi kikaweza kuenezwa vizuri zaidi na aina nyingine ya mbu. Paka na pika hutofautiana kwa herufi moja pia, na hakuna anayeyachanganya. Kwa hiyo ulinganishaji wa umbo huonyesha undugu wa mbali, na ule wa herufi huonyesha mabadiliko ya karibuni. Mtaalamu huhitaji vyote viwili.

Na kazi yetu ni ipi? Dengue ilizuka Pemba ya Msumbiji na Nampula mwaka 2014, na mwaka huo huo Dar es Salaam. Mabango na matangazo ya afya huandikwa na watu waliosoma lugha. Mfasiri akiandika "kidingapopo" pale palipokusudiwa chikungunya, au akaziita zote "homa ya mbu" na kuziunganisha na malaria, atakuwa amempa mama wa Mocímboa da Praia ushauri wa ugonjwa mwingine.

Zoezi kwa wanafunzi

1. Panga sambamba jozi hizi na uhesabu herufi zinazooana: njaa na ndaa; moja na moya; mtu na omuntu.
2. Tengeneza jedwali la umbali wa miji mitano unayoifahamu. Mpe mwenzako jedwali bila majina, naye achore ramani. Je, imefanana na yako, au imegeuka?
3. Andika tangazo la sentensi sita kwa Kiswahili chepesi linalotofautisha kidingapopo, chikungunya na malaria, kisha lisome mbele ya mtu asiye mwanafunzi. Mahali atakapokuuliza "una maana gani?" ndipo penye kosa la kurekebisha.