Kutoka Modogashe Hata Mchanga wa Shela

Watu wa Ulaya watakapo kupumzika hukimbilia pwani ya Bahari ya Mediterania, kusini ya Ufaransa, Italia, na visiwa kama Malta. Huko mvua hunyesha wakati wa baridi, na majira ya joto huwa makavu, mbingu nyeupe bila wingu. Mkazi wa Modogashe akiambiwa kwamba wako watu walipao fedha nyingi ili wakae juani mahali pasipo mvua, huenda akacheka, maana yeye jua analo bure mwaka mzima.

Modogashe ni njia panda ya Isiolo, Garissa na Wajir, kaskazini kidogo ya mstari wa Ikweta. Nchi ni tambarare yenye migunga na vumbi jekundu, na mali ya watu ni ngamia, ng'ombe na mbuzi. Mvua ni mbili: gu, ianzayo Aprili, na dayr ya Oktoba na Novemba. Kutoka Desemba hata Machi ni jilaal, kiangazi kikali, ambapo wachungaji huchimba mchanga wa laga iliyokauka ili wapate maji yaliyojificha chini. Jambo hili la mchanga na maji msomaji alikumbuke, kwani tutalikuta tena mbele.

Msafiri atokaye Modogashe kwenda pwani huvuka Ikweta kabla hajafika Garissa, mwendo wa kilometa zipatazo 160. Hapo huukuta Mto Tana, akashuka nao kupitia Hola hata Garsen, kisha hugeuka mashariki mpaka Mokowe, apandapo mashua kwenda Lamu. Garissa mwezi wa Machi joto hupita nyuzi 36 za sentigredi. Lamu kwa kawaida hukaa baina ya 28 na 32, na upepo wa bahari haukomi.

Upepo huo una majina mawili. Kaskazi huvuma tangu Desemba hata Machi, bahari ikatulia. Huo ndio uliokuwa ukileta majahazi kutoka Arabuni. Kusi hushika baada ya masika, huwa na nguvu Juni na Julai, na manahodha huuogopa. Pepo hizi zibadilishanapo ndipo mvua hushuka: kaskazi ikiondoka huja masika ya Lamu na gu ya Modogashe, na kusi ikiondoka huja vuli, ambayo bara ni dayr. Basi watu wa ngamia na watu wa mashua huingojea saa moja.

Mji wa Kale wa Lamu uliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na mengi yamesemwa juu ya milango yake na punda wake. Lakini uzuri wa Shela, kijiji cha jirani, ni wa namna nyingine. Ufuo wake mweupe huendelea kama kilometa 12, na nyuma yake husimama vilima vya mchanga vilivyoinuliwa na upepo, visivyo na mti mkubwa wala kivuli.

Mgeni huviona vilima hivyo kuwa pambo, au kiwanja kizuri cha kujengea nyumba iangaliayo bahari. Mtu wa Modogashe angevitambua upesi. Mvua inyeshapo juu yake haitiririki, bali huzama yote mchangani, na maji matamu, kwa kuwa ni mepesi, hukaa juu ya maji ya chumvi yaliyo chini. Visima vya mji wa Lamu hutegemea akiba hiyo. Yakitekwa kupita kiasi, au vilima vikijengwa na kuchafuliwa kwa vyoo, chumvi na uchafu huingia, na kuvitoa ni kazi ya miaka mingi. Malta, yenye wageni wengi, maji yake ya chini ya ardhi yalitiwa chumvi kwa kuvutwa mno, nayo sasa hutegemea sana mitambo ya kusafisha maji ya bahari.

Ng'ambo ya pili, katika kisiwa cha Manda, yapo magofu ya Takwa, mji uliohamwa yapata miaka 300 iliyopita. Wataalamu hudhani kwamba visima vyake viliingia chumvi. Wenyeji wake husemwa walihamia Shela, na kwa desturi ya miaka mingi watu wa Shela walikuwa wakivuka maji mara mbili kwa mwaka, wakasimama penye kaburi la mnara lililobaki huko, wakaomba mvua.