Muhuri wa Mwenyekiti si Kibali cha Kujenga

Ndugu wafanyakazi, wengi wetu Arua na Koboko tukipata akiba tunafyatua matofali tujenge vyumba vya kupangisha. Mwenyekiti wa kijiji anagonga muhuri kwenye karatasi ya mauziano, basi, tunachimba msingi! Muhuri ule unashuhudia mauziano tu. Kibali hutoka kwa baraza. Sheria ya Mipango ya mwaka 2010 iliifanya Uganda nzima, hata vijijini, kuwa eneo la mipango. Ardhi ya ukoo, ingawa inatambuliwa na Katiba ya 1995, haikusamehewa. Nyumba isiyo na kibali yaweza kuamriwa ibomolewe, na jasho la miaka likapotea. Tupeleke ramani kwanza, tudai stakabadhi ya kila shilingi, na tukikataliwa tudai sababu kwa maandishi.